Siti ya Nyuma ya Selika

Kabla kiharusi hakijampitia, Chande alikuwa na domo lililojulikana Ujiji nzima. Si domo la matusi, maana hakuwa mtukanaji. Lilikuwa domo la ubishi. Ukimwambia leo Ijumaa, anakuuliza ni Ijumaa kwa mujibu wa nani. Ukisema dagaa wa mwezi huu ni wadogo, anakushika mkono mpaka kwenye uchanja mkawatazame wote wawili. Na kama ulitaka akukalishe hapo hadi adhana ikukute, ilitosha kusema kwamba gari lake, Selika, ni gari la langalanga, lile la mashindano ya mbio.

Kiharusi kilipokuja kikaondoka na upande wake wa kulia, pamoja na ulimi. Watu walikuja kumjulia hali wakasema ni mtihani wa Mungu. Chande aliwasikia akiwa kitandani na akataka kuwabishia, kwamba mtihani mtu hupewa pamoja na kalamu. Maneno aliyaona yamejipanga kichwani, safi kabisa. Alipofungua mdomo ikatoka pumzi tu.

Alikuwa fundi wa mashine za maboti. Ufukweni Kibirizi walimjua kwa begi lake la spana lililong'aa kwa mafuta, na boti ikizimika huko juu karibu na Kagunga, walimpigia simu yeye kwanza halafu ndipo wakawapigia jamaa zao. Kazi ile ilimfanya apende mashine iliyotulia. Injini inayopiga kelele, alikuwa akisema, ni injini inayolalamika. Ndiyo maana hakuna aliyeelewa ilikuwaje siku moja mtu yule akaenda kununua Toyota Celica, gari lenye milango miwili, limelala chini na pua ndefu. Mtaani likaitwa Selika, na jina likashika.

Lilikuja kwa treni, limefungwa minyororo juu ya behewa la wazi, limejaa vumbi la Uvinza. Telesphory ndiye aliyekwenda naye stesheni kulipokea. Huyu Telesphory ni Muha wa Kalinzi, Mkatoliki, fundi bodi mwenye gereji yake kule Bangwe, na wawili hao walikuwa marafiki tangu hawajaota ndevu. Gari liliposhushwa, Telesphory alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa kidole.

"Bwana Chande, umetuletea gari la langalanga. Sasa huku Kigoma utashindana na nani, na baiskeli za ndizi?"

"Hili si la langalanga. Hili ni la spoti tu."

"Tofauti yake nini?"

"Chungulia siti ya nyuma," Chande alimwambia.

Ubishi ulianzia hapo stesheni, wachukuzi wakisikiliza, na haukuisha tena. Kila Ijumaa baada ya alasiri waliuendeleza barazani kwa Chande, Selika likiwa limeegeshwa mbele yao kama mshitakiwa. Telesphory alishikilia kwamba gari ni kama kijana: ukimvika jezi ukamwingiza uwanjani, basi ni mchezaji, na hili Wajapani walilitengeneza likiwa limeshavaa jezi. Chande alikataa. Gari la mashindano, alisema, linajengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayezunguka arudi pale pale alipoanzia. Halina buti la kutia gunia la mihogo wala mahali pa kumlaza mtoto. "Gari lenye siti ya nyuma," alimaliza kila mara, "limeshakubali kwamba duniani kuna watu wengine."

Walikuwapo wengine wawili wa kudumu. Bonaventura, dereva wa shirika moja la mjini, alipenda kukaa katikati na kuwachokoza wote. Yeye alisema Selika ni gari la mashindano lililostaafu. Luqman alikuwa ustadhi wa madrasa, naye alipenda magari kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya wanafunzi wake. Alitaka kila hoja iwe na masharti na nguzo. "Kwanza tukubaliane," aliuliza huku akipuliza kahawa, "nguzo za gari la mashindano ni ngapi?" Hawakukubaliana hata siku moja, na hakuna aliyetaka wakubaliane.

Lakini Chande alikuwa na hoja yake ya mwisho, na hiyo hakuitoa kila Ijumaa. Aliitunza.

Mkewe Fatu, alipokuwa na mimba ya mtoto wao, alipanda Kalinzi kwenye msiba wa bibi yake, na uchungu ukamkuta hukohuko kabla ya siku zake. Chande akapanda na Selika kumfuata. Enzi hizo barabara ilikuwa bado ya udongo. Wenyeji waliomsaidia kumwingiza Fatu nyuma walimwambia, leo ndiyo utajua gari lako ni la nini, kanyaga. Akakanyaga. Hawakuvuka hata bonde la kwanza, Fatu akamshika bega kwa kucha. "Taratibu, Chande. Ukikimbia unaniua."

Basi akaenda taratibu. Gari lile, ambalo Telesphory aliapa kwamba lina resi ndani ya damu, liliteremka mlima kwa mwendo wa maiti. Baiskeli zilizobeba ndizi zilimpita zikipiga kengele, na mwenye baiskeli mmoja aligeuka akauliza kama gari limekufa. Chande alikuwa analia na kuendesha, anakwepa shimo hili, anaingia jingine, huku akimwomba radhi mkewe kwa kila jiwe. Kabla ya kufika Mwandiga ikabidi asimame kando. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka shambani waliweka majembe chini, wakalaza kiti cha mbele, wakajipenyeza nyuma kwa shida. Binti yao Yusra akazaliwa pale, juu ya siti ya nyuma ya Selika.

Siti ilisuguliwa kwa sabuni za kila aina. Doa likafifia, likawa rangi ya chai ya maziwa, ila halikutoka. Chande alikataa kuivalisha kava. Siku ambayo Telesphory angembana sana mpaka watu waanze kucheka, Chande angeinuka bila haraka, afungue mlango, alaze kiti cha mbele, na kuwaonyesha. "Haya, nionyesheni gari la langalanga lenye doa hili." Telesphory alibaki akinung'unika kwamba hiyo si hoja, hiyo ni bahati tu.

Miaka mingi baadaye Fatu alifariki. Baada ya arobaini kupita, Chande alianza tabia ya kwenda kukaa nyuma ya gari, mlango wazi, magoti yamekaribia kidevu maana nafasi ni finyu. Watu waliopita walidhani anatafuta kitu kilichoanguka. Alikuwa anaongea na mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa habishi.

Halafu kiharusi. Yusra, ambaye alikuwa ameanza kazi kwenye duka la fundi nguo mjini, alirudisha cherehani nyumbani akaiweka barazani ili amwangalie baba yake. Alikuwa mtoto mwenye moyo, tena mwerevu, lakini hakuna aliyemfundisha kuusoma uso mpya wa baba yake. Uso ule ulikuwa umeachwa bila mwenyewe. Machozi yalimtoka Chande bila kuitwa, na mara nyingine kicheko kilimshika hata anapohuzunika, kinamtikisa mabega kama kwikwi. Akitaka kutikisa kichwa kukataa, kichwa kilikaa kimya au kikainama kama cha mtu anayekubali. Daktari alimweleza Yusra kwamba hayo ni ya ugonjwa, asiyatilie maanani. Sasa kama machozi hayatiliwi maanani na kicheko vilevile, mtoto ashike lipi? Alibaki kukisia. "Baba, chai au uji?" Chande alitaka chai. Alitaka chai kwa roho yake yote, akamkazia macho. Ukaja uji. Akanywa uji mwaka mzima.

Marafiki hawakumtupa, hilo lazima lisemwe. Kila Ijumaa walikuja, wakamwinua wakamtoa nje, wakamketisha kwenye kiti cha mbao chenye mikono, na kahawa ikamiminwa hata kwenye kikombe chake. Kisha wakabishana. Wenyewe waliona ni hisani kubwa kumwekea mgonjwa ubishi alioupenda. Hawakujua walikuwa wanamtesa. Telesphory alitoa hoja yake, akatulia, akamgeukia Chande kwa mazoea ya miaka, akingoja jibu. Jibu lilikuwapo. Chande alilihisi limesimama mlangoni mwa meno. Telesphory alingoja, halafu akatazama chini, na Bonaventura akadaka nafasi.

"Mzee Chande angesema ukweli ni kwamba gari la spoti na la mashindano ni kitu kimoja, basi tu alipenda kubisha."

"Ego," Telesphory aliitikia ndiyo kwa Kiha, bila furaha. "Moyoni alikuwa anajua."

Chande alisikia hayo akiwa hatua mbili kutoka kwao. Wiki hadi wiki walimgeuza, kidogo kidogo na kwa upendo, wakamfanya mtu wa upande wa pili. Ilikuwa kama kuzikwa na kusikia khatibu akimsifu kwa sifa za jirani. Hasira ilimpanda ikakosa pa kutokea, ikashuka tena.

Ijumaa moja Telesphory alikuja na habari. Vijana wa mjini wenye magari walikuwa wamepewa kibali cha kufanya mashindano ya kupanda mlima, kutoka Mwandiga mpaka Kalinzi, gari moja moja na saa mkononi. Aliitoa habari hiyo akiwa anatazama Selika, ambalo lilikuwa limefunikwa turubai tangu Chande aanguke.

"Gari likikaa bila kuendeshwa linakufa," alisema. "Linakuwa kama mtu..." Akakatisha, akakuna shingo. "Nimefikiri hivi. Tuliingize kwa jina la Chande. Bonaventura aendeshe. Tuandike CHANDE ubavuni, herufi kubwa, Kalinzi nzima isome."

"Linakubaliwa?" Luqman aliuliza.

"Kama lilivyo, hapana. Wanataka siti za abiria zitoke, zulia litoke, na ndani tuchomelee kizimba cha mabomba ya chuma, gari likipinduka dereva asipondeke. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, bure."

Siti za abiria zitoke. Chande aliwatazama mmoja mmoja, akasubiri mtu aseme. Bonaventura alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu.

Yusra alisimamisha cherehani. "Wazee wangu, nisameheni. Gari ni la baba. Muulizeni mwenyewe."

Waliona aibu, maana alisema haki. Ila mtu asiyeweza kusema anaulizwaje? Ndipo Luqman, aliyependa kila jambo liwe na sharti lake, akapata wazo.

"Hilo halina ugumu," alisema. "Mwari anapoozwa, anaulizwa kama ameridhia, na haya zinamzuia kutamka. Akinyamaza, ameridhia. Akidondosha machozi bila kelele, ameridhia, analilia kwao. Akicheka, ndiyo kabisa. Tumuulize mara tatu mbele ya mashahidi, kama tunavyofanya siku zote."

"Kwa hiyo Mzee Chande leo ndiye bibi harusi," Bonaventura alisema, na wote wakacheka, Telesphory naye, japo kwao hawaozi hivyo. Lakini kicheko kilipoisha waliona kwamba njia ile inawaridhisha. Ilikuwa na heshima ndani yake. Hapa Ujiji kila mtu ameshawahi kukaa nje ya mlango wa mwari akisikiliza ukimya wake, na hakuna aliyewahi kuutilia shaka.

Hakuna hata mmoja aliyefikiri kidogo tu mbele. Kanuni ile iliwekwa kwa mwenye ulimi anayeona haya kuutumia. Akitaka kusema sitaki, anaweza, nyumba nzima ikasikia. Chande hakuwa na haya hata chembe. Alichokosa ni ulimi.

Luqman alijiweka vizuri, akakohoa. "Chande bin Musa, sisi ndugu zako tunakuomba tulitengeneze gari lako liwe la mashindano, kwa heshima yako. Umeridhia?"

Chande alisukuma neno. Lilikuwa neno moja, fupi, ambalo watoto hulijua kabla ya jina la baba. Alilisukuma kutoka tumboni mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Baraza lilikuwa kimya. Luqman aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Umeridhia?"

Yalikuja machozi. Alijua yatakuja, akajaribu kuyazuia, yakaja mengi zaidi. Yalimtiririka mpaka kwenye kanzu, na Telesphory akageuka pembeni kufuta macho yake mwenyewe.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Umeridhia?"

Hapo kicheko kikamshika. Chande alikisikia kinapanda, akakiogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, hata dhoruba ya ziwani. Kilimtikisa mabega, kikamfungua mdomo upande, na mbele ya marafiki zake na binti yake akacheka kwa sauti huku kila kitu ndani yake kinakataa.

Alibakiwa na kitu kimoja, mkono wa kushoto. Aliurusha mbele, akamshika Telesphory kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu zake zote amzuie.

Telesphory aliutazama mkono ule. Uso ukamlegea. Akaugeuza taratibu, akakiweka kiganja cha Chande ndani ya chake, akakitikisa.

"Ametoa mkono," alisema.

"Wa kushoto lakini," Bonaventura alisema.

"Ndio aliobakiwa nao," Luqman alimjibu. "Mungu anajua. Tusome Fatiha."

Wakainua viganja, na Telesphory akainamisha kichwa. Chande alisomewa Fatiha ya kukubali. Aliitikia kwa pumzi.

Jioni ile Yusra alipomlisha, alishusha kijiko katikati ya chakula. "Baba, umekubali kweli?"

Chande aliweka kila alichokuwa nacho machoni. Alimtazama mwanawe kwa namna ambayo, aliamini, hata jiwe lingeelewa. Yusra naye alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta, na Chande aliona anakaribia, anakaribia kabisa. Kisha machozi yakaharibu. Yusra akachukua ncha ya khanga akamfuta.

"Basi usilie. Gari litarudi."

Telesphory hakutaka kulivulia nguo Selika gerejani mbele ya watu wa kupita. Alisema litavuliwa nyumbani kwa Chande, mwenyewe akiona. Hilo nalo lilikuwa la heshima. Walikuja asubuhi, turubai likaondolewa, mkeka ukatandikwa uani, na Chande akaketishwa mahali pazuri, kivulini, ili asikose kitu.

Hakukosa kitu. Lilitoka zulia. Vilitoka vibao vya milangoni, kile kisahani cha majivu ambacho Fatu alikuwa anawekea pini zake, redio, na vifuniko vya ndani ya buti. Kila kilichotoka kiliwekwa juu ya mkeka kwa utaratibu, na Telesphory aliifanya kazi ile kwa mkono mwepesi sana, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Alipofika nyuma akatambaa ndani, spana ikasikika, halafu haikusikika. Alikuwa ameliona doa. Alikaa nalo humo ndani kitambo. Chande alingoja. Kama kulikuwa na saa ya Telesphory kukumbuka hoja yake, ilikuwa hiyo. Kisha spana ikaanza tena.

Siti ikatolewa, ikapitishwa kwenye mlango mwembamba kwa taabu, upande upande.

"Hiyo msiichukue," Yusra alisema. "Atakalia baba. Kile kiti cha mbao kinamchoma."

Wote wakaona amesema jambo jema. Waliipeleka barazani, wakapanga matofali chini yake, wakaiegemeza ukutani, na wakamwinua Chande wakamketisha. Yusra alimwekea mto kwapani. Mgongo ulipata mahali pake, na mguu ule mfu ukatulia. Ilikuwa starehe kuliko kiti chochote alichokalia tangu augue, na aliichukia starehe hiyo, ila mwili haukumuuliza.

Doa lilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto. Aliliwekea kiganja. Mbele yake Selika lilisimama tupu, mlango wazi, na kule nyuma alikokuwa anakwenda kuongea na Fatu palionekana bati tu.

Walilivuta mpaka Bangwe. Siku ya mashindano lilipitishwa mbele ya nyumba kumuaga mwenyewe kabla ya kwenda Mwandiga. Lilisikika kabla halijaonekana, maana walikuwa wameondoa silensa, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa ng'ambo ya njia walishika masikio. Injini ile, ambayo Chande aliitunza kwa miaka yote ikinong'ona, ilikuwa inapiga mayowe. Ubavuni liliandikwa CHANDE kwa rangi nyekundu. Watoto wa mtaa walisoma kwa sauti, wakalikimbiza. Bonaventura alitoa mkono dirishani, akapunga. Yusra alipunga kwa niaba ya wote wawili.

Telesphory alirudi peke yake, siku ambayo si Ijumaa, kwa miguu. Yusra alimwamkia, akamletea maji, akarudi kwenye cherehani yake. Telesphory alikaa kwenye kile kiti cha mbao kisicho na mwenyewe tena. Alikuwa anaitazama siti.

"Hatukushinda," alisema mwishowe. "Ila halikutuaibisha. Watu wa Kalinzi walipiga makofi." Akanywa maji. "Mimi sikukaa pale mwisho na wenzangu. Nilikwenda kusimama pale juu ya Mwandiga, unapajua. Pale mlipompatia huyu." Alimwonyesha Yusra kwa kidevu. "Nikasema ngoja nilione likipita pale. Bwana Chande, sikuona kitu. Upepo tu, mtu hajapepesa limeshapita kona. Nikabaki nimesimama kama mjinga, nikawaza, haya, sasa ndiyo limekuwa la langalanga. Halafu nikajiuliza, kama limekuwa sasa, basi siku zote hizo halikuwa."

Chande alimtazama.

"Ilibidi nitoe kila kitu ndipo liwe. Zulia, siti, mpaka kile kisahani cha mama Yusra. Kama lingekuwa la mashindano, ningetoa nini? Ulikuwa unaniambia hilo hilo tangu stesheni, na mimi nacheka." Alisugua magoti yake. "Nilitaka nilirudishe lilivyokuwa. Nimelala chini yake siku mbili. Haliwezekani. Vishikio vya siti nilivikata mwenyewe, mabomba yamechomelewa sakafuni, nikiyakata bodi linafunguka. Vijana wameshaliandikisha kwenye mashindano mengine."

Cherehani ya Yusra ilikuwa imenyamaza.

"Umenishinda," Telesphory alisema. "Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu. Umenishinda, na sasa nibishie basi. Sema chochote. Sema hata kwamba sikuelewa."

Alingoja, kwa mazoea. Chande alikuwa ameshinda ubishi wa maisha yake yote, na hakuna siku aliyotamani kushindwa kama siku hiyo. Angekubali kila kitu. Angekubali kwamba Selika ni la langalanga, limezaliwa likiwa la langalanga, ili mradi walirudishe pale mbele ya baraza likae na doa lake. Jibu lilifika kwenye meno, likakaa.

Telesphory alisimama. Alinyoosha mkono wa kulia kumpongeza, akakumbuka wa mwenzake umekufa, akaurudisha, akanyoosha wa kushoto.

Chande aliuona ukija. Mkono wake alikuwa ameshauficha, ameukalia, kati ya paja na siti, juu ya doa. Ulikuwa umeshamsaliti mara moja, na alikuwa ameapa hautamsaliti tena. Aliukandamiza kwa uzito wote aliokuwa nao. Telesphory alibaki ameinama mbele yake, kiganja wazi, macho yamelowa, akingoja.

"Pole, baba mkubwa, mkono wake umebanwa," Yusra alisema. Aliinuka akaja, akapiga goti mbele ya baba yake. "Baba, hebu tulia nikusaidie." Akapitisha vidole chini ya paja, akautoa ule mkono polepole, akiunyoosha kidole kimoja kimoja, akauweka ndani ya mkono wa Telesphory.